Kunguru Asiye na Breki

Tangu nirudi, kila rafiki ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Hivi kweli ulikwenda China kununua beji?" Wanaouliza kwa upole ni wale wanaodhani kuna biashara kubwa ninayoificha. Wanaouliza huku wakicheka wameshaongea na mke wangu. Nimeamua kuandika yote mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake, nami ninywe chai yangu kwa amani. Ndiyo, nilikwenda China kununua beji. Hazikuwa hata zangu.

Morogoro

Wanaonijua wanajua nilisoma Uingereza, kwa sababu sijawahi kuwapa nafasi ya kusahau. Ninachowaficha ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ile niliipata Ijumaa jioni, nimesimama kwenye baridi, nikitazama pikipiki zikizunguka.

Mji wenyewe ulikuwa wa viwanda, upande wa kaskazini, na jua lake lilikuwa kama ndugu tajiri: unasikia yupo, humwoni. Derek alikuwa fundi wa maabara chuoni. Mimi nilisoma fasihi na sikuwa na shida yoyote na maabara, ila tulisubiri basi moja. Ijumaa moja aliniona nimejikunyata kituoni akaniambia, "Kijana, unaonekana kama mtu aliyefiwa. Twende uwanjani."

Ni mchezo ambao kuueleza ni rahisi na kuuamini ni vigumu. Pikipiki nne, mizunguko minne, njia ya duara iliyomwagwa changarawe nyekundu. Pikipiki zina gia moja na hazina breki. Narudia kwa faida ya wanaosoma haraka: hazina breki. Mwendeshaji akifika kwenye kona anailaza mashine ubavu, gurudumu la nyuma linateleza likirusha changarawe, la mbele linatazama kulia ilhali yeye anakwenda kushoto, na mguu wake wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, unaburura chini. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu umekosa mbio nzima. Kisha trekta linatoka kusawazisha njia, watu wanakunywa chai, na wengine wanne wanaingia.

Lakini kilichoniteka ni harufu. Injini zile zilikunywa spiriti na kulainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Zilipowaka mara ya kwanza nilimwona bibi yangu kule Kilosa, anapasha mafuta ya nyonyo kwenye kigae ili atupake wajukuu vichwani. Niko mbali na nyumbani kiasi kwamba barua huchoka njiani, nimezungukwa na Waingereza wenye kofia za sufu, na bibi yangu amenishika kichwa kwa mikono miwili. Nililia. Derek alidhani ni changarawe, akanipa leso.

Tangu siku hiyo nikawa Kunguru. Ndilo jina la klabu: Kunguru, weusi kwa weupe.

Na Kunguru huvaa beji. Ni ya chuma yenye rangi, ndege amepanda pikipiki, na kila msimu shabiki hununua kipande kidogo chenye mwaka, akakining'iniza chini ya kile cha mwaka uliopita. Wazee wa uwanjani walikuwa na mikia ya vipande hivyo kutoka kifuani hadi kwenye mkanda wa suruali. Ukimkumbatia mmoja analia kama njuga. Mkia wangu una vipande vitatu. Ni mkia wa kifaranga, lakini ni wangu.

Sasa, mwaka jana Derek alinipigia simu hapa Morogoro. Huwa tunaandikiana, simu maana yake kuna msiba.

"Uwanja umeuzwa, kijana," alisema. Nina mvi na kitambi, lakini kwa Derek mimi ni kijana.

"Nani kanunua?"

"Watu wa maduka makubwa. Pale kwenye njia patakuwa maegesho ya magari. Kona ya kwanza patarudishiwa toroli."

Kisha akanitajia mengine, kama mgonjwa anayetaja maradhi kwa mpangilio. Mwenye uwanja siku zote alipenda zaidi mbio za mbwa; watu wa pikipiki aliwavumilia kama wapangaji wenye watoto. Nyuma ya kona ya tatu zilijengwa nyumba mpya, na walionunua nyumba hizo, ambao uwanja waliukuta, wakaanza kulalamikia kelele na vumbi. (Ni kama mtu ahamie ubavuni mwa msikiti kisha aulize adhana ni ya nini.) Mvua ilivunja mashindano wiki baada ya wiki. Vijana wamebaki nyumbani na televisheni za dishi. Mwendeshaji mzuri leo yuko na klabu hii, kesho yuko nchi nyingine, hata shabiki hajui amshangilie lini. Wametafuta kiwanja kipya, na kila halmashauri imekiri kwamba mchezo ni mzuri sana, ila ungependeza zaidi kwa jirani.

"Baada ya jioni ya mwisho tutatawanyika," Derek aliendelea. "Wengine watakwenda kutazama mji huu, wengine ule. Wengine watakaa nyumbani wazeeke. Nataka kila atakayetoka langoni siku ile awe na beji mpya kifuani, yenye mwaka huu. Tukikutana kwenye viwanja vya watu, tujuane. Tusipojuana, basi tumekwisha kweli."

Shida ni kwamba fundi aliyewatengenezea beji miaka yote alikuwa amefunga karakana, na wengine hawakutaka kazi ndogo namna ile. Hapo ndipo mimi, kwa kutaka kuonekana mtu wa dunia, niliposema: "Shemeji yangu anakwenda China mwezi ujao. Kule hawashindwi kitu."

"Anaweza kutusaidia?"

"Nitakwenda mwenyewe."

Hadi leo mke wangu anauliza ni nani aliyesema maneno yale kwa mdomo wangu.

Dubai, Hong Kong, na dagaa

Shemeji Neema ni mdogo wake mke wangu. Anauza jinzi Moshi mjini, na China anakwenda kama mimi ninavyokwenda posta. Baina ya shemeji na shemeji kuna utani, na yeye hajawahi kuliacha deni la utani lilale.

"Kwa hiyo Shemeji," aliniambia tulipokutana uwanja wa ndege Dar es Salaam, "unavuka bahari kwa ajili ya kunguru. Hawa wa Dar wanaoiba nyama kwenye sufuria hawakutoshi?"

Dubai tulikaa nusu siku kwa sababu ndege ya pili ilikuwa na homa fulani ambayo hakuna aliyetueleza. Neema alitandika khanga sakafuni akalala kama yuko kwa mama yake. Mimi, kwa heshima ya shahada yangu, nilikaa wima kwenye kiti cha chuma, nikaamka na shingo iliyogoma kugeuka kulia. Nilifika Hong Kong nikitazama kushoto tu. Kwa shabiki wa mchezo wetu nilihesabu kuwa ni dalili njema.

Pale forodhani afisa mmoja alifungua begi la Neema akakuta furushi la dagaa. Akalinusa. Akaita mwenzake. Wakanusa wote wawili. Nilianza kutunga hotuba ya Kiingereza cha chuo kikuu kuhusu haki za msafiri na lishe ya asili.

"Nyamaza, Shemeji," Neema alininong'oneza. "Huyu hana ubaya. Huyu ana njaa."

Afisa alichukua dagaa mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akauliza kwa Kiingereza chepesi: "Mnapika na tangawizi?"

"Na nyanya," Neema alijibu.

Yule bwana akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeona kipaji kinapotea. "Tangawizi," alisema tena, akafunga begi kwa adabu kubwa. Hotuba yangu ninayo bado, haijatumika.

Treni

Kutoka Hong Kong kwenda Guangzhou tulipanda treni. Nilikaa dirishani nikaona mabwawa ya bata, migomba, kisha ghorofa, migomba, ghorofa, na mwishowe migomba ikakata tamaa. Mbele yetu aliketi mama mmoja mwenye kikapu cha kaa walio hai, wamefungwa kwa majani. Kila treni ilipopinda, kikapu kilisogea kwangu. Kila kiliposogea, mama aliniangalia mimi, si kikapu.

"Hao Kunguru," Neema aliniuliza, "ukishawapelekea hizo beji, wewe unapata nini?"

"Sipati kitu."

"Basi umepoteza nini kule?"

Nikaanza kumweleza habari ya changarawe, ya bibi na nyonyo, ya Derek na leso. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Nilipofika kwenye trekta nikageuka, kwa shida ya shingo, nikamkuta amelala. Mama wa kaa ndiye aliyekuwa ananisikiliza, tena kwa makini, bila kuelewa neno. Nimewahi kufundisha madarasa yaliyokuwa hivyo hivyo, tena bila kaa.

Guangzhou

Nje ya stesheni nilisimama nikafumba macho. Pikipiki zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuona pamoja: za abiria, za mizigo, moja ina familia nzima na friji. Nikavuta pumzi ndefu, nikitafuta uwanja wetu.

Ilikuja petroli, ukaja moshi, na supu iliyokuwa inachemka mahali. Nyonyo hakuna.

"Unaumwa?" Neema aliuliza.

"Nanusa."

"Nusa ukitembea. Mizigo mizito."

Hoteli tuliyofikia ilikuwa ile wanayofikia Waafrika wengi, karibu na maonyesho ya biashara, ambako ngazini unasalimiwa kwa Kiswahili cha Unguja na kwenye lifti kwa Kifaransa cha Kinshasa. Asubuhi tuliletewa uji wa mchele, wenye chumvi, umepambwa kwa vipande vya yai jeusi. Neema aliutazama uji ule kama mtu aliyeona jeneza la ndugu yake limewekwa kichwa chini.

"Uji una chumvi," alisema. "Shemeji, wewe msomi. Uji. Una chumvi."

Akaomba sukari kwa ishara. Mhudumu akaelewa, akatabasamu, akaleta unga mweupe. Neema akanyunyiza vijiko vitatu na kuonja. Ilikuwa ajinomoto, unga wa kukolezea supu.

Siku mbili nilizunguka mjini na beji yangu ya vipande vitatu mkononi, nikiionyesha kwenye karakana. Mwenye karakana huko anaitwa laobani, yaani bosi, na neno ambalo laobani hulitumia zaidi ni "meyo": hakuna. Nilijifunza kwamba meyo inaweza kuwa hakuna leo, hakuna kwako, au hakuna kwa idadi hiyo. Idadi ndiyo iliyoniumbua. Mmoja alipoelewa kuwa nataka mia chache tu, alinipa kiti, akanimiminia chai, akanitazama kwa ile huruma apewayo mtu aliyeingia kiwandani kununua tofali moja.

Nilirudi hotelini nikamwambia Neema nimeshindwa.

"Pole," alisema, huku akikunja suruali za sampuli. "Kule Xintang yuko mzee anayenigongea vifungo vya jinzi. Mtu anayegonga kifungo atashindwaje beji?"

"Mbona hukuniambia tangu juzi?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Ulikuwa unanifundisha historia ya Wachina."

Xintang

Mvua ilianza kabla hatujatoka mjini, na basi likakwama kwenye maji mahali ambapo hakuna aliyejua panaitwaje. Abiria walitoa mbegu za alizeti wakaanza kumenya. Nilitazama mvua ile nikamfikiria Derek, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akiamka Ijumaa na kwenda kwanza dirishani, kabla ya choo.

Xintang ni mji wa jinzi. Suruali zinaning'inia hata mahali pa mapazia, na mitaro inapitisha maji ya buluu. Mzee wa vifungo aliitwa Liang. Alikuwa mfupi, mwenye kipara kinachong'aa, na katikati ya karakana yake, palipotakiwa kukaa mashine, alikuwa ameegesha pikipiki yake nyekundu, imefutwa hadi unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Mke wake alikuwa amewahi kufanya kazi Hong Kong na alijua Kiingereza. Alitueleza kwamba kule mjini wameanza kuzibana pikipiki, na mumewe anaogopa zamu ya Xintang itafika. Ndiyo maana analala karibu nayo.

Nikawapa mchoro wa zamani wa kunguru na beji yangu. Liang alivigeuza, akauliza swali moja au mawili, akasema turudi baada ya siku mbili tuone sampuli.

Tuliporudi, Mama Liang aliiweka mezani juu ya kitambaa. "Nzuri?" aliuliza.

Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo penye balaa. Pikipiki ilikuwa na breki mbele na nyuma, kila waya umechongwa. Ilikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha pembeni, na nyuma ya mwendeshaji palikuwa na kiti cha abiria na chuma cha kushikia. Gurudumu la mbele lilikuwa limenyooshwa. Kunguru amekaa wima kama karani wa benki, tena anatabasamu.

"Mume wangu anasema picha yako ilikuwa ya pikipiki mbovu," Mama Liang alieleza. "Ameitengeneza."

"Mwambie haikuwa mbovu. Ndivyo zilivyo. Hazina breki."

Alitafsiri. Liang akaweka kikombe chini.

"Anauliza, wanasimamaje?"

"Hawasimami. Mpaka mwisho."

"Anauliza, na gurudumu? Mtu anakwenda kushoto, gurudumu linatazama kulia. Anasema aliyechora alikuwa amelewa."

"Hajalewa! Ndivyo wanavyopinda."

"Anasema yeye anaendesha tangu ujana, na hakuna anayepinda hivyo akaishi."

Nilieleza kwa maneno, nikaeleza kwa mikono, nikaeleza kwa kijiko cha chai. Kila nilivyoeleza ndivyo Liang alivyozidi kunionea huruma. Mwishowe Neema, aliyekuwa pembeni akikagua vifungo vyake, alisema bila kuinua kichwa: "Mwonyeshe."

"Nimwonyeshe nini?"

"Si umezitazama mbio miaka mitatu? Mwonyeshe."

Nilitakiwa kukataa. Lakini wafanyakazi walikuwa wameshaacha mashine, na mmoja alikuwa ameshaleta baiskeli yake. Ua wa karakana ulikuwa wa saruji iliyolowa, umemwagika vifungo vibovu, na katikati una shimo la maji machafu. Nilichukua kizoleo cha bati, kile cha takataka, nikakifunga kwa kamba chini ya kiatu changu cha kushoto. Neema alianza kucheka kabla sijapanda. Nilizunguka shimo mara moja, taratibu, kinyume cha saa. Mara ya pili nikakanyaga kwa nguvu. Kwenye kona nikailaza baiskeli, nikageuza usukani kulia, nikaushusha mguu wa bati.

Na ikakubali. Naapa. Gurudumu la nyuma liliteleza, vifungo vikaruka huku na huku, bati likalia, na kwa muda mfupi kuliko kulisema neno lenyewe nilikuwa pale, Ijumaa, niko kona ya kwanza, na kuna mtu anayeniita kijana. Kisha nikaenda chini.

Nilipofumbua macho Liang alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Wengine wote walikuwa wanacheka. Neema alikuwa ameshika ukuta. Liang hakucheka. Alitazama mchirizi wa bati kwenye saruji, akasema kitu.

"Anasema, kumbe huyo mtu anaanguka," Mama Liang alitafsiri.

"Ndiyo," nilijibu nikiwa chini. "Anaanguka muda wote. Ila hafiki chini."

Alipotafsiriwa, Liang alijipiga paja akapiga kelele ya furaha. Akachukua chaki, na pale pale sakafuni akachora pikipiki imelala, gurudumu linatazama kulia, mguu umetoka, na juu yake kunguru mwenye sura mbaya kabisa. Nilimwona nikamfahamu. Ni sisi.

Xintang bado

Ndipo tukafika kwenye kigingi. Kuchonga upya kulihitaji muda, na mashine ya kugongea ilikuwa imeshapangiwa vifungo vya Neema hadi wafanyakazi watakapokwenda mapumziko ya sikukuu yao ya taifa. Baada ya hapo, beji zingefika Uingereza wakati uwanja umeshafungwa. Mama Liang alilisema hili polepole, akimtazama Neema, kisha akatazama pembeni.

Sikumwomba. Nilijua maana yake. Vifungo vikichelewa, jinzi zinachelewa. Jinzi zikichelewa, zinakosa meli. Na meli hiyo ilikuwa ya Krismasi. Asiyejua Moshi ajue: Krismasi Wachaga wote duniani hurudi nyumbani, na hakuna anayetaka kuonekana kanisani na suruali ya mwaka jana. Mwaka wa biashara wa Neema ulikuwa ndani ya wiki mbili za Krismasi. Nikaanza kufungua kamba ya kizoleo, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Huyo Derek," Neema alisema. "Alisema anataka wajuane?"

"Ndivyo alivyosema."

Alichukua kifungo akakichezea. "Unakumbuka manispaa walipotuhamisha na meza zetu pale stendi? Tukapelekwa kule mbali, kwenye vumbi. Wateja wote walisema, dada Neema, tutakufuata. Mungu anawaona. Hakuna aliyekuja." Akakirudisha kifungo kwenye boksi. "Halafu siku moja nipo mjini, nakutana na mama mmoja, mteja wangu wa miaka. Nilimvalisha wanawe wote. Namchekea. Akanipita. Shemeji, hakunijua. Bila ile meza yangu, hakunijua."

Nikaiacha kamba ya kizoleo ilivyo.

"Mwambie agonge kunguru kwanza," alimwambia Mama Liang. Kisha akanigeukia mimi. "Zikichelewa nitaziuza Pasaka. Jinzi haziozi. Lakini dada asijue, atasema umeniroga."

Mama Liang alikwenda ndani akarudi na boksi la keki, zile za sikukuu yao ya mwezi mpevu, nzito kama tofali na zimechorwa maua. Tulikula tumesimama, pembeni ya pikipiki nyekundu. Neema alipofika katikati alitoa kiini cha yai cha chumvi.

"Nani kafukia yai kwenye keki?" aliuliza, akalila lote.

Kurudi

Beji tulizichukua asubuhi ya siku ambayo karakana ilifungwa. Nilizituma Uingereza kutoka Hong Kong, na wakati karani akilichukua boksi nililishikilia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, hadi akalivuta. Neema alibaki kufuatilia vifungo vyake. Nilirudi peke yangu. Dubai nililala sakafuni, juu ya khanga aliyoniazima.

Morogoro nilikaa nikisubiri simu. Ilipolia nilikuwa nimeshavaa beji yangu ya zamani, kwa sababu nisizoweza kuzitetea.

"Zilifika?" niliuliza hata kabla ya salamu.

"Zilifika, kijana. Kunguru mbaya kweli kweli. Watu wamempenda."

"Na mbio?"

"Mvua," alisema.

Ilinyesha tangu alfajiri. Mwamuzi aliingia na mwavuli, akachoma changarawe kwa kisigino, maji yakajaa kwenye tundu, akatikisa kichwa. Mwenye uwanja hakutoa siku nyingine. Mashine za kubomoa zilikuwa zimeshapangiwa. Kwa hiyo jioni ya mwisho haikuwa na mbio hata moja. Ila watu walikuwa wameshafika, na hakuna aliyeondoka. Derek aligawa beji langoni, mmoja mmoja, chini ya mvua. Wakasimama kuzunguka njia tupu, wazee wale wa njuga, wakitazama maji.

"Halafu mzee wa trekta akaliwasha," alisema Derek. "Hakuna aliyemtuma. Akaingia njiani na reki yake nyuma, akaanza kusawazisha tope. Kinyume cha saa. Mizunguko minne. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Naapa kona ya mwisho alililaza kidogo."

Amenipigia tena juzi. Alikwenda kutazama mbio mji mwingine, mbali, uwanja asioujua, amesimama kwenye foleni ya chai. Akasikia njuga nyuma yake. Alikuwa mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alisimama upande wa pili wa uwanja wetu, hawajawahi kusemezana. Yule mama alijigusa kifuani tu, kwenye kunguru. Derek akamnunulia chai.

"Na kiwanja kipya?" nilimuuliza.

"Ipo halmashauri moja haijakataa."

"Hiyo ni habari njema!"

"Haijafungua barua yetu bado." Nikamsikia anacheka, na nyuma yake nikasikia mvua. "Tunaanguka, kijana. Ila hatujafika chini."

Jinzi za Neema ziliingia baada ya sikukuu. Anasema Pasaka itakuwa nzuri. Anasema hivyo mara nyingi mno.

Ile sampuli ya kwanza ninayo. Derek akisikia habari zake huniomba nimtumie, nami humwambia imepotea. Ijumaa iliyopita, jua likiwa linashuka nyuma ya Uluguru, nilipasha kijiko kimoja cha mafuta ya nyonyo jikoni, mke wangu akafungua madirisha yote bila kuuliza. Nikaiweka sampuli mezani mbele yangu. Liang hakukosea kitu kwa uvivu. Kila alichoongeza, aliongeza kwa huruma. Ina taa. Ina breki mbele na nyuma. Na nyuma ya kunguru pana kiti kitupu, na chuma cha kushikia.